Mtani Wangu na Gunia la Pili

Sifa na shukrani ni kwa Mungu Baba, aliyeniamsha asubuhi hii nikiwa na pumzi, na macho ambayo bado yanaona njia ya kalamu. Namshukuru kwa mvua aliyotupa mwaka huu huku juu Ufipa, kwa ulezi uliosimama vizuri, na kwa mke wangu ambaye mpaka leo hunikumbusha kuvaa koti kabla ya kutoka kwenye upepo. Namshukuru pia kwa jambo ninalotaka kulisimulia hapa, ingawa ilinichukua miaka mingi kulitia katika sala za shukrani, na hata sasa nikifika mahali fulani katika habari yenyewe huwa napunguza sauti.

Nilikuwa dereva wa parokia. Kwanza nilisomea ukatekista kwa miaka miwili, nikaanza kufundisha katika kigango kimoja, kanisa dogo la parokia nje ya mji. Padre wetu, aliyekuwa mzee kutoka Ulaya, akagundua kwamba ninaelewa mashine. Gari lake lilikuwa likizimika njiani, yeye anasali, mimi nafungua boneti. Mwishowe akanipeleka kujifunza udereva, nikapata leseni, nikakabidhiwa Landrova ya parokia. Kwa Sumbawanga ya siku zile, kuwa na leseni hakukuwa jambo dogo. Nilibeba wagonjwa na maiti, masista na vitanda vyao, saruji ya kanisa, na padre mwenyewe akienda kuungamisha watu vigangoni. Mke wangu na watoto watatu walikula kutokana na kazi hiyo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Sabuni ilikuwa adimu, sukari ilikuwa adimu, mikate ilikuwa imepotea kabisa madukani. Nafaka haikutoka kijiji kimoja kwenda kingine bila kibali chenye mhuri. Redioni na mikutanoni tuliambiwa habari za walanguzi na magendo, na mimi niliafiki. Wapo watu waliokuwa wakificha sabuni chini ya vitanda huku watoto wa majirani wana upele. Kwa hiyo polisi waliposimamisha gari langu na kuchungulia nyuma, sikuona wananionea. Nilizima injini, nikatoa karatasi zangu, nikangoja.

Katika barabara niliyopita mara nyingi zaidi palikuwa na kizuizi. Gogo moja lilikuwa limelazwa juu ya mapipa mawili, na pembeni palikuwa na kibanda cha nyasi cha kujikingia jua na baridi. Siku moja nilimkuta hapo askari mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Kabila lake silitaji, kwa sababu nikilitaja wapo watakaomtambua, na watoto wake hawana kosa. Itoshe kusema kwamba watu wake na sisi Wafipa ni watani tangu enzi za babu zetu. Vijana wa leo utani wanaufahamu kidogo tu, tena kwenye harusi. Kwetu ulikuwa kama undugu. Mtani wako anaweza kukutukania ukoo mzima mbele ya watu, ukacheka, na wewe ukamrudishia zaidi. Ukimkasirikia, wewe ndiye uliyekosa adabu. Na mtu akifiwa, mtani wake ndiye anayeingia kushika zile kazi ambazo wafiwa wenyewe hawana nguvu ya kuzifanya.

Siku ile ya kwanza alisoma leseni yangu, akaona jina, akajua mimi ni Mfipa. Akaniangalia kwa uso mkavu kabisa.

"Kumbe mmeanza kutumia magari," alisema. "Ungo wako umepata pancha?"

Ndivyo tunavyosemwa sisi Wafipa, kwamba usiku tunaruka kwa ungo na kutuma radi. Nikamwuliza kwao wapi, akanitajia. Nikamwambia kwamba watu wa huko nawajua, serikali imewavalisha sare ili waache kuiba kuku wa wakwe zao. Alicheka mpaka akaegemea gogo la kizuizi. Kuanzia hapo hatukukutana bila kutukanana. Akinisimamisha, aliuliza nimebeba nini leo, radi au watu. Mimi nilimjibu kila mara kwa jambo jipya. Mara nimebeba mahari ya bibi yake, mara nimebeba magendo yake aliyoniagiza, mara nampeleka padre akawatoe mapepo watu wa kabila lake. Padre, akiwa amekaa pembeni yangu, alidhani tunagombana. Kisha askari alikagua karatasi zangu kwa makini kama za dereva mwingine yeyote, akainua gogo, nikapita. Hakuniachia jambo lolote kwa sababu ya utani, nami sikuomba.

Alikuwa Mkristo mwenzetu. Mke wake aliimba kwaya, na mtoto wao mkubwa nilimfundisha mimi mwenyewe mafundisho ya komunyo ya kwanza. Mwaka wao wa pili hapa, mtoto wao mdogo alikufa kwa surua. Walikuwa mbali na kwao, hawana shangazi wala mjomba wa kusimama nao. Mimi na Wafipa wengine wawili tukaenda kama watani. Tuliuosha mwili, tukachimba kaburi. Na kabla ya kuzika, niliingia kaburini nikalala, nikasema sitoki, mahali hapa ni pangu, anayetaka kuzika anikomboe. Ndivyo watani wanavyofanya, ili mfiwa apate pa kupumulia. Nikataka kofia yake ya polisi. Aliivua akanirushia, nikaivaa nikiwa mle mle shimoni, nikaanza kuwaamuru waombolezaji waonyeshe leseni zao. Alicheka huku machozi yanamtiririka. Mke wake pia. Nilipotoka alinishika mkono, akasema kwamba kuanzia siku hiyo mimi si mtani tu, ni ndugu yake wa damu. Nilimwamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Sasa niseme habari za ngano.

Masista wetu walikuwa wakioka hostia, ule mkate wa komunyo, kwa ajili ya parokia nyingi za Ufipa. Mwaka huo unga wa ngano ulikuwa haupatikani, na sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria ilikuwa inakaribia. Wakristo wa kigango kimoja, mahali ambapo ngano inakubali vizuri, wakaahidi kutoa gunia moja. Katibu wa kijiji akaandika kibali cha gunia moja kwa ajili ya hostia, akapiga mhuri, akampa padre mapema. Nami nikatumwa kulichukua.

Nilipofika nilikuta magunia mawili. Akina mama walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba, kila mmoja akamimina kikapu chake, hadi likajaa gunia la pili. Walipiga magoti kunisalimu wakapiga makofi taratibu kama desturi yetu, na mmoja wao, bibi mzee, akaniambia kwamba wameona aibu Mungu apikiwe kutoka gunia moja. Nilikwenda ofisini kwa katibu nibadilishiwe kibali. Ofisi ilikuwa imefungwa, mhuri umo ndani, na yeye alikuwa amekwenda na watu kwenye shamba la kijiji, mbali ng'ambo ya bonde. Nilimngoja mpaka jua likaanza kushuka. Hakurudi.

Hapo nilifanya kosa, na ninalikiri bila kulipamba. Ningeweza kuliacha gunia la pili. Ningeweza kulala kijijini. Lakini sikuwa na moyo wa kuwaambia wale akina mama warudishe vikapu vyao nyumbani. Nikawaza kwamba kizuizini yupo mtani wangu, mtu mwaminifu. Tutataniana kidogo, kisha nitamweleza ilivyo. Gunia la pili nitalishusha pale kwenye kibanda chake, alilinde, na kesho nitarudi na karatasi iliyo sahihi. Nikaondoka na mpango huo, nikiwa na amani kabisa.

Ilikuwa kama saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Alikuwa amesimama katikati ya barabara peke yake. Akainua mkono, nikasimama, nikazima injini. Alikuja hadi dirishani. Sasa nikikumbuka, naona kwamba alitembea polepole kuliko siku zote, na hakuninyooshea mkono wa salamu. Wakati ule sikuyaona hayo.

"Mfipa," alisema, "leo umebeba nini? Radi au watu?"

Nami nikajibu kama nilivyomjibu mara mia moja.

"Nimebeba magendo, afande. Gunia moja la padre, la pili ni la kwako kama siku zote. Mkeo ananiambia amechoka kukupikia majani kama mbuzi."

Hakucheka. Aligeuka akatazama kibandani. Akatoka mtu mnene mwenye sare iliyopigwa pasi, fimbo kwapani, ambaye sikuwahi kumwona. Nyuma ya kibanda, ndipo nilipoliona gari la polisi limeegeshwa.

"Ndugu dereva, shuka," alisema yule mkubwa. "Rudia hayo uliyosema."

Nikashuka. Nikamwambia kwamba ule ni utani tu, na kwamba huyu ni mtani wangu. Mkubwa akamgeukia askari akamwuliza kama ni kweli. Askari alikuwa tayari ameshafungua daftari lake. Alijibu bila kuinua uso kwamba yeye ameuliza swali la kazi na amepewa jibu. Wakafungua nyuma ya gari. Magunia mawili. Nikatoa kibali. Gunia moja.

Niliyaeleza yote, ya katibu, ya mhuri, ya akina mama na vikapu vyao. Mkubwa alisikiliza, kisha akasema hayo nitayaeleza mbele. Askari akaandika maelezo yangu. Alikuwa na mwandiko mzuri sana, nakumbuka, uliolala upande mmoja. Alipomaliza alinisomea. Swali lake la radi au watu halikuwamo. Palikuwa pameandikwa tu kwamba dereva aliulizwa amebeba nini, naye akajibu kwamba amebeba magendo, na kwamba gunia la pili ni la askari kama siku zote. Mkubwa akauliza kama ndiyo maneno yangu. Yalikuwa yangu, neno kwa neno. Nikatia sahihi. Katika kutia sahihi niliendelea kumtazama mtani wangu usoni, nikingoja anikonyeze hata kwa jicho moja, nijue kwamba haya yatakwisha kesho. Alifunga daftari, akafunga na kalamu yake.

Nililala mahabusu. Padre alikuja siku ya pili akiwa amekunja uso, akaniuliza kama ni kweli nimesema maneno yale. Nikamwambia nimeyasema, lakini ni utani. Nikatumia muda mrefu kumweleza utani ni nini. Alinisikiliza kwa upendo, kisha akaniuliza, "Lakini mwanangu, kwa nini umtukane polisi?" Hata mahabusu wenzangu walicheka.

Mke wangu naye alikwenda nyumbani kwa askari. Mke wa askari alimfungulia mlango kidogo tu, akalia, akasema mume wake amemkataza kuzungumza lolote, akafunga.

Ni vizuri msomaji ajue hali ilivyokuwa. Gunia lisilo na kibali peke yake pengine lingeishia kwenye karipio, kwa kuwa lilitoka kwa watu wa kanisa na lilikuwa linakwenda kwa masista. Lakini mtu aliyekiri kwa kinywa chake kwamba anabeba magendo, na kwamba humpa askari sehemu yake, huyo alikuwa wa jela, na leseni yake alikuwa haioni tena. Na katika dunia nzima mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuyatoa maneno yale ubaya wake, yule aliyeambiwa. Ingetosha aseme kwamba tunataniana. Kwa hiyo sikuwa na hofu kubwa. Nilijiambia kwamba pale kizuizini alikuwa mbele ya mkubwa wake na alishtuka, lakini mahakamani ataapishwa, na akiapishwa atasema.

Mahakama ya mwanzo ilikuwa chumba chenye madirisha mawili na mabenchi. Hakimu alikaa katikati, na pembeni yake wazee wawili washauri wa mahakama. Askari aliitwa. Akaapa Kikristo, mkono juu, kofia yake ameibana kwapani. Akasoma daftari lake kwa sauti iliyonyooka, mpaka kwenye mbuzi na majani. Watu wachache nyuma walicheka. Hakimu akawanyamazisha.

Mmoja wa wale washauri, mzee wa Kifipa mwenye ndevu nyeupe, akaomba kuuliza. Akamwuliza askari yeye ni kabila gani. Askari akamtajia. Mzee akatabasamu, akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, hawa ni watani," alisema. "Hawa wakikutana wasitukanane, ndipo uwaulize kuna nini."

Hakimu alikuwa mtu wa mkoa mwingine, lakini utani aliujua, nani asiyeujua katika nchi hii. Aliweka kalamu chini.

"Shahidi, umeapa," alimwambia askari. "Huyu mshtakiwa ni mtani wako? Mlikuwa mnataniana?"

Nilimwona akiishusha kofia kutoka kwapani na kuishika kwa mikono miwili. Yule mkubwa wake alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, fimbo magotini.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Mimi kazini sina mtani. Huyu simfahamu, zaidi ya kumwona barabarani."

Nimekuwa nikifundisha habari za mateso ya Bwana kila Juma Kuu tangu ujana wangu. Nikifika kwa yule mtume aliyekuwa akiota moto uani na kusema hamjui Bwana wake, nilikuwa siku zote namtetea mbele ya watoto. Niliwaambia aliogopa tu, kila mtu huogopa. Siku ile kwa mara ya kwanza niliisikia habari ile nikiwa upande wa pili, upande wa yule anayekanwa huku anasikia. Nakumbuka sikuona hasira. Nilihisi baridi miguuni, kama mtu aliyevuliwa viatu.

Hakimu akaniambia kwamba nina haki ya kumwuliza shahidi maswali. Nikasimama. Swali nilikuwa nalo. Ningeuliza tu: kofia hiyo uliyoishika, nani aliivaa kaburini siku ya msiba wako? Nusu ya mtaa ilikuwepo siku hiyo. Wangeitwa, wangesema. Swali lilikuwa tayari mdomoni mwangu, na huenda lingenifungua.

Sikuliuliza. Nje ya dirisha nilimwona mke wake amesimama chini ya ukingo wa paa, na kitambaa mdomoni. Nikaona siwezi kumfukua yule mtoto na kumleta mezani ili mimi nirudi nyumbani. Yale ya makaburini tuliyafanya kwa ajili yao, na jambo uliloshafanya kwa ajili ya mtu si lako tena kulitumia. Nikamwambia hakimu sina swali. Niseme ukweli, sijui kama ilikuwa huruma au ilikuwa kiburi cha mtu aliyeumizwa. Huenda vyote viwili. Mungu anajua, nami nimemwachia.

Mzee mwenye ndevu alisema niachiliwe. Mshauri mwenzake na hakimu hawakukubaliana naye. La kumpa askari sehemu walilifuta kwa kukosa ushahidi, lakini la gunia lisilo na kibali, pamoja na kukiri kwangu, likanishika. Miezi miwili gerezani, leseni izuiwe, magunia yote mawili yachukuliwe. Siku ya Kupalizwa, nilisikia baadaye, padre alizivunja hostia zilizobaki vipande vidogo sana ili watu wote wapate.

Gerezani tulilima. Namshukuru Mungu kwa askari jela mmoja aliyeniruhusu kufundisha sala jioni, na wafungwa wawili walibatizwa baadaye kutokana na mafundisho yale. Padre aliniletea sakramenti kila juma bila kukosa, kwa miguu, kwa sababu hakuwa na wa kumwendesha. Lakini gari la parokia haliwezi kumngoja mtu mmoja. Nilipotoka nilikuta limepewa dereva mwingine, kijana mzuri, mwenye heshima. Leseni yangu ilirudi baada ya muda mrefu na haikuwa na kazi tena. Nikarudi kwenye ukatekista, kwa baiskeli na kwa miguu, na ndivyo nilivyomaliza nguvu zangu. Silalamiki. Kwa miguu nilijuana na watu ambao zamani nilikuwa nawapita na kuwaachia vumbi. Mke wangu ndiye aliyebeba mzigo, alilima mashamba mawili badala ya moja, na hakuniuliza hata siku moja kwa nini sikuuliza lile swali.

Pale kizuizini, madereva waliniambia, utani ulikoma. Habari zilikuwa zimeenea kuanzia Katandala hadi Milanzi, kwamba maneno ya utani yanaandikwa. Askari yule akisimamisha gari, walimjibu ndiyo afande, hapana afande, wakaangalia mbele. Alikaa hapo karibu mwaka mzima bila mtu wa kumtukana.

Kisha akahamishwa. Asubuhi ya kuondoka alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa uani napiga mpini kwenye jembe. Alikuwa amevaa nguo za raia, mke wake nyuma yake na furushi kichwani. Akasimama pale uwanja unapoanzia, hakukaribia.

"Mfipa," alisema, na sauti yake haikuwa imara. "Kumbe upo. Nilidhani umesharuka na ungo."

Nilimwelewa. Mtani akikuanza namna hiyo, ni juu yako kumrudishia. Kama ningemwambia kwamba kwao wamemfukuza kwa wizi wa kuku ndiyo maana anazunguka na mafurushi, yote yangekwisha hapo hapo, tungecheka, mke wake angeketi, mke wangu angebandika chai. Maneno yalinijia. Niliyasikia yakija. Nikaweka jembe chini, nikafuta mikono, nikamwendea nikampa mkono.

"Karibu, afande," nilimwambia. "Habari za nyumbani?"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiporomoka vile kwa kukaribishwa.

Walikaa. Hakunywa chai. Alisimulia huku anaangalia ardhi. Mkubwa wake alikuwa amesikia kwamba kuna dereva anayepita kizuizini kwa mzaha. Siku ile alikaa kibandani tangu asubuhi. Waliponiona natokea mbali, mkubwa akamwambia aniulize kama anavyoniuliza siku zote.

"Nilijua utajibu nini, mtani," alisema. "Nilikuwa namwomba Mungu siku hiyo uwe umeamka vibaya, uninunie."

Kwa hiyo hakuteleza tu. Aliutumia utani wetu kama mtu anavyotumia chambo, na alijua ninavyouuma. Kisha nikamwuliza jambo moja tu, kama na yale ya mahakamani pia aliagizwa.

"Hapana," alisema. "Pale niliogopa mwenyewe."

Nikamwambia nimemsamehe, na nilikuwa namaanisha. Tukasali pamoja Baba Yetu. Tulipofika mahali pa kusameheana makosa alishindwa kuendelea, mke wake akamalizia. Nikawasindikiza hadi barabarani, nikambebea mke wake furushi. Wakati wa kuagana alinishikilia mkono kuliko ilivyo kawaida, anangoja. Nilijua anangoja nini. Tusi moja, hata dogo, hata la kuku.

"Safari njema, afande," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Wakaondoka.

Tangu siku hiyo nimemwombea kwa jina katika misa, yeye na mke wake na yule mdogo aliyebaki kwenye udongo wetu. Chuki sina. Lakini alikuja kuomba kitu kimoja nami nikampa kingine, na nilijua tofauti yake. Nimeungama jambo hilo zaidi ya mara moja. Yule padre wetu wa zamani, apumzike kwa amani, hakuwahi kuelewa inakuwaje kushindwa kumtukana mtu ikawa dhambi. Mapadre wa sasa ni vijana wa hapa hapa, wao wanaelewa, ndiyo maana wananipa malipizi marefu. Yule askari, kama yu hai, ni mzee kama mimi. Nikikutana naye leo sina hakika kinywa changu kitafunguka upande gani. Naomba nipewe siku ya kujaribu.

Nawe uliyenivumilia hadi hapa, Bwana akulinde katika barabara zako zote, unapoendesha na unaposimamishwa. Akupe marafiki utakaocheka nao bila kuangalia nyuma ya kibanda. Na siku utakapoulizwa mbele ya wakubwa kama unamfahamu ndugu yako, akushike ulimi useme ndiyo. Baraka zake zikae nawe na nyumba yako. Amina.